Pikapu iliyoinamisha pua: uchambuzi wa kisa cha kuinua na kusawazisha Vigo moja jijini Nairobi

Majina ya watu, nambari za usajili na majina ya gereji zilizohusika yameondolewa. Vipimo ni vya gari hili moja, kwa hiyo usivichukue kama vilivyo ukavifunga kwenye lako.

Gari, mwenyewe na kazi yake

Gari ni Toyota Hilux ya umbo la Vigo, lile lililouzwa hadi umbo jipya, Revo, lilipoingia 2015. Ni dabo kabini, dizeli ya lita 2.5, giya za mkono, na huvuta kwa magurudumu yote manne ikihitajika. Mbele ina springi za koili zilizovikwa juu ya shokabsoba, kila gurudumu likicheza peke yake kati ya mkono wa juu na mkono wa chini. Nyuma kuna ekseli moja ngumu iliyofungwa chini ya springi za majani. Ndiyo maana mbele na nyuma haziinuliwi kwa njia moja, wala hazichoki kwa namna moja.

Mwenye gari ni mama anayefanya biashara ya kufunga pampu za maji za sola. Ofisi yake iko Nairobi, lakini wateja wengi wako Kajiado: Isinya, Bissil, Mashuuru, na wengine chini kuelekea Magadi. Nyuma ya pikapu kuna masanduku mawili ya chuma yenye spana, koleo, kamba na mota za akiba, na ni nadra kushushwa. Siku ya kazi hupakiwa pampu, mabomba na paneli juu yake, na watu watatu huingia ndani akiwemo dereva.

Baada ya kugonga punda usiku kwenye barabara ya Namanga, mama huyu alifunga bampa la chuma mbele. Bampa la namna hiyo lina uzito wa kilo hamsini, sitini. Kwa kuwa linaning'inia mbele ya ekseli, huikandamiza ekseli ya mbele kwa zaidi ya kilo zake lenyewe, huku likiunyanyua mkia kidogo. Koili za mbele zilikuwa zile za kiwandani na zilikuwa zimeshakula barabara nyingi. Pua ikaanza kuinama.

Tiba mbili kabla hajafika kwetu

Tiba ya kwanza ilihusu nyuma. Mkia ulikuwa ukizama siku za mzigo, basi fundi mmoja wa kando ya barabara akaongeza majani mawili mazito kila upande, yaliyotolewa kwenye springi kuukuu za gari kubwa zaidi. Hii ni desturi ya siku nyingi Nairobi, tumeirithi kwa matatu na malori, na kwa gari linalobeba uzito uleule asubuhi hadi jioni si wazo baya. Lakini pikapu hushusha mzigo. Mkia ukapanda na kukakamaa, na pua ambayo tayari ilikuwa chini ikaonekana imezama zaidi.

Tiba ya pili ikafuata ya kwanza. Gereji nyingine ilifunga spesa za milimita 30 juu ya shokabsoba za mbele. Spesa za aina hii zinapendwa kwa sababu inayoeleweka: ni rahisi, na fundi halazimiki kuibana koili wala kuifungua. Anashusha shokabsoba nzima ilivyo, anapachika kipande cha chuma kati ya kichwa chake na chasisi, anarudisha. Kazi ya asubuhi moja.

Wengi hawaambiwi kwamba spesa ya milimita 30 haiinui gari milimita 30. Shokabsoba ya Vigo haikai kwenye gurudumu. Imeshika mkono wa chini karibu na katikati ya urefu wake, kwa hiyo kinachoongezwa juu hufika kwenye gurudumu kikiwa karibu mara mbili. Hapa pua ilipanda takriban milimita 57. Mkono wa juu ukainamia chini kuliko ulivyokusudiwa, na gurudumu likining'inia shimoni sasa linashuka kupita kikomo chake cha zamani, kwa kuwa shokabsoba nzima imesogezwa chini.

Alipofika kwetu aliandamana na dereva wake, na hilo lilisaidia sana, maana walikuja na malalamiko tofauti. Mama alisema gari sasa limenyooka likiwa tupu lakini likipakiwa linaangalia mbinguni, na usiku malori yanamwashia taa kila mara njia ya Namanga. Dereva alikuwa na yake.

"Mzee, hii gari ukipita bampu kuna kitu kinagonga mbele, *kop*. Halafu kwa lami usukani unaelea. Kila wakati unairudisha, unairudisha."

"Fundi, mimi nataka inchi nne kabisa, mbele na nyuma," mama akasema. "Nimeona moja Ngong Road imekaa vizuri sana."

Vipimo

Hatukujibu habari ya inchi nne siku hiyo. Tulimwomba aliache gari.

Tulianza na urefu. Watu wengi hupima kutoka ardhini hadi bampa, na kipimo hicho hubadilika na upepo wa tairi na mteremko wa sakafu. Sisi hupima kutoka katikati ya habu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa limesukumwa mbele na nyuma kidogo ili springi zitulie. Kipimo hicho hakijali tairi, kinaonyesha springi zinafanya nini basi. Spesa zikiwa zimetolewa na masanduku yako nyuma, tulipata mbele kushoto 470, mbele kulia 461, nyuma kushoto 541, nyuma kulia 535, vyote milimita. Kisha tukapima Vigo nyingine ya mteja mwingine, ya aina ileile, isiyo na bampa la chuma wala springi zilizochoka. Mbele ilikuwa 488.

Namba hiyo ya 488 ilibadilisha mazungumzo yote. Milimita 18 hadi 27 za mbele zilikuwa zimeliwa na bampa na uchovu wa koili. Yaani sehemu kubwa ya kile mama alichokiita kuinua ilikuwa kurudisha urefu ambao gari lilikuwa nao lilipotoka kiwandani.

Halafu uzito. Tulilipeleka kwenye mizani ya magari hapo Industrial Area: magurudumu ya mbele peke yake kwanza, kisha gari lote, na nyuma ni tofauti ya hizo mbili. Likiwa na masanduku na nusu tangi ya mafuta, mbele ilibeba kilo 1,165 na nyuma 1,095. Masanduku pekee yalikuwa kilo 240. Tukamwomba dereva alipakie kama siku ya kwenda Mashuuru, na vijana waingie. Mbele 1,270, nyuma 1,440. Jumla kilo 2,710, ambayo haikuwa mbali na uzito wa juu ulioruhusiwa gari hilo. Mama aliambiwa mapema kwamba springi mpya hazitaongeza hata kilo moja kwenye uzito huo. Zinabadilisha gari linavyokaa chini ya mzigo. Breki, ekseli na chasisi zinabaki zilezile.

Mwisho tukaliweka juu ya jeki na kuangalia spesa zilifanya nini. Ule mlio wa "kop" ulikuwa shokabsoba iliyovutwa hadi mwisho wa urefu wake kila gurudumu liliposhuka upande wa pili wa bampu. Buti, yaani kifuniko cha raba, ya sivii jointi ya kulia (kiungo kinachozungusha gurudumu la mbele) ilikuwa imepasuka kwenye mkunjo na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Bushi za mkono wa chini zilikuwa zimechanika raba. Hili la mwisho halikutokana na spesa: bolti zilikazwa gari likiwa juu ya jeki, mikono ikining'inia. Raba ya bushi hushikwa pale ilipokazwa. Gari likishushwa chini, raba inakuwa imesokotwa muda wote, hata likiwa limeegeshwa. Haidumu.

Njia tulizozipima

Inchi nne tuliimaliza haraka. Kupanda milimita 100 kwenye gari lenye magurudumu ya mbele yanayojitegemea kunahitaji kushusha difu ya mbele (gia zinazogawia magurudumu nguvu), kubadilisha mikono ya juu, kurefusha mipira ya breki, na mara nyingi kuhamisha sehemu ambazo mikono imeshikia. Baada ya hapo una gari refu lenye masanduku ya chuma nyuma, linateremka Kona Baridi kwenda Olepolos likiwa na watu watatu ndani. Dereva ndiye aliyekataa kabla yetu.

Kuna pia njia ya kuinua bodi peke yake, kwa kuweka vipande kati ya bodi na chasisi. Hiyo inafaa mtu anayetafuta nafasi ya tairi kubwa. Pua iliyoinama itabaki imeinama, kwa kuwa springi hazikuguswa.

Mjadala halisi ulikuwa kati ya spesa ndogo na seti kamili. Spesa ya milimita 10 au 12 ingetosha kurudisha pua pale ilipokuwa, kwa pesa chache sana, na kwenye gari lenye koili nzima ningeitetea bila aibu. Lakini koili hizi zilikuwa zimechoka na shokabsoba zilikuwa zikitoa mafuta. Ukiweka spesa juu ya koili iliyochoka unapata gari refu lenye koili iliyochoka. Linaendelea kuzama, na kila gurudumu likiingia shimoni linapiga raba ya kugongea ya chini kama zamani.

Nyuma palikuwa na vishawishi zaidi. Shako ndefu, yaani kile kiungo kinachoshika ncha ya springi ya majani kwenye chasisi, ni rahisi: ukiongeza urefu wa shako, gari hupanda karibu nusu yake. Lakini pembe ya difu na propela hubadilika, na springi inabaki ngumu au laini vilevile ilivyokuwa. Vipande vya kuwekwa kati ya ekseli na springi huinua pia, ila vinaipa ekseli nguvu zaidi ya kujisokota wakati wa kuondoka kwa nguvu. Mifuko ya hewa tuliifikiria kwa uzito, maana mzigo wa mama unapanda na kushuka na mifuko hujazwa na kupunguzwa kwa pampu. Iliyotuzuia ni kwamba mfuko unasukuma chasisi mahali pamoja, katikati ya sehemu mbili ambazo springi ingezigawia uzito. Dabo kabini iliyopakiwa hadi mkiani, mifuko imejazwa, kwenye barabara ya mashimo kwa mwendo, chasisi hupinda nyuma ya kabini. Visa hivyo vinajulikana sana Australia, ambako pikapu za aina hii hupelekwa jangwani zikiwa na mizigo mizito.

Uamuzi na sababu zake

Tuliamua seti kamili, ya kupanda kidogo. Mbele: koili mpya za daraja la gari lenye bampa la chuma bila winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba), na shokabsoba ndefu kidogo zilizotengenezwa kwa urefu huo. Nyuma: springi nzima mpya zilizokusudiwa mzigo wa kudumu wa kilo 300, shokabsoba mpya, bushi, shako na yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli). Yale majani ya gari kubwa yatoke.

Mama aliuliza kwa nini tusichukue koili za winchi kabisa, kwa kuwa siku moja angependa kufunga winchi. Lilikuwa swali zuri. Jibu ni kwamba koili ya winchi bila winchi ni ngumu na ndefu kuliko inavyotakiwa, na ungerudi palepale kwenye pua iliyopanda na shokabsoba inayovutwa hadi mwisho. Springi huchaguliwa kwa uzito ulio juu yake leo. Hiyohiyo ndiyo sababu ya kuacha springi za nyuma za kilo 500, ambazo duka lilikuwa nazo na lingefurahi kutuuzia: siku za bila mzigo zingempiga dereva mgongo kama yale majani.

Kusawazisha kulichukua maneno mengi kuliko kifaa chenyewe. Mama alitaka gari linyooke likiwa limeegeshwa. Tukamwonyesha namba za mizani. Mkia ukipokea kilo 345 zaidi kwa springi za aina hii utashuka kama milimita 40. Ukilinyoosha likiwa na masanduku tu, kila siku ya kazi litakuwa limekaa kitako, taa zikimulika madereva wa mbele machoni na magurudumu ya usukani yakiwa mepesi. Tukapanga mbele ikae 510 na nyuma 545 likiwa na masanduku, ili mzigo ukipanda vyote vikaribiane. Ndiyo maana Toyota yenyewe hutoa pikapu mkia ukiwa juu. Wanaolisawazisha gari tupu kwa ajili ya picha huwa wanaiuza nafasi ya mzigo bila kujua.

Mama akakubali, ingawa uso ulisema bado anaiona ile ya Ngong Road.

Siku ya kufunga

Koili za mbele zilifunguliwa kwa mashine ya kubania. Nataja kwa sababu bado kuna wanaofungua nati ya juu ya shokabsoba wakiwa wameifunga koili kwa nyaya au kamba. Koili ya Vigo iliyobanwa ikiachia ghafla inaweza kuvunja mkono au kuua.

Upande wa kulia tuliongeza kipande chembamba cha milimita 5 kati ya koili na kiti chake. Vigo hii ilikuwa ikiegemea upande wa dereva tangu mwanzo, kama zifanyavyo pikapu nyingi za usukani wa kulia. Kipande hicho hakifanani na ile spesa ya juu: kinakaa ndani, kinaibana koili kidogo zaidi, na urefu wa shokabsoba haubadiliki, kwa hiyo gurudumu halishuki kupita kikomo chake. Ukikizidisha, gari linakuwa gumu na linakosa nafasi ya kushuka shimoni. Milimita 5 zilitosha.

Bolti za mikono ya chini na za shako ziliachwa zimeshikwa kwa vidole tu. Gari likashushwa chini, masanduku yakarudishwa, vijana wawili wakalitikisa mbele na nyuma, na hapo ndipo fundi akaingia chini na spana ndefu kukaza. Anabanwa, anakosa nafasi ya kuzungusha mkono, na inachukua muda mara mbili. Bushi za kazi iliyotangulia zilionyesha kwa nini hakuna njia ya mkato hapa.

Kisha ikaja valvu ya breki za nyuma. Vigo hii ina valvu inayopima mzigo kwa kijiti kilichoshika ekseli: mkia ukizama, valvu hujua kuna uzito na kuziachia breki za nyuma nguvu zaidi. Mkia ukiinuliwa, kijiti huiambia valvu kwamba gari ni tupu, hata likiwa na nusu tani mgongoni. Tulipokuta kijiti hakijaguswa tangu yale majani yaongezwe, lalamiko jingine la dereva, kwamba pua inazama vibaya akikanyaga breki, likapata maelezo yake. Tulishusha kishikio cha valvu kiasi cha urefu ulioongezeka, na kabla ya kumkabidhi gari likapita kwenye mashine ya roli ya kupima breki.

Alaimenti, yaani upangaji wa pembe za magurudumu, ikafungwa mwisho. Gari likiinuliwa mbele, kasta hupungua, yaani ule mlalo wa nyuma unaofanya usukani urudi wenyewe katikati. Spesa zilipokuwa zimefungwa ilisomeka nyuzi 1 na kidogo; ndiyo sababu usukani ulielea. Kwa urefu mpya, na kamu za mkono wa chini (bolti za kurekebishia pembe) zikizungushwa, tulifika karibu nyuzi 3 pande zote mbili bila kubadilisha mikono ya juu. Taa za mbele zilipangwa upya ukutani. Mama aliandikiwa barua fupi ya kazi iliyofanyika aipeleke kwa kampuni yake ya bima, kwa kuwa kubadilisha gari bila kuijulisha kampuni hiyo ni kuipa sababu ya kugoma kulipa siku ya ajali.

Matokeo

Siku ya kukabidhi tulipata mbele 511 kushoto na 509 kulia, nyuma 548 na 546. Springi mpya hutulia. Gari liliporudi kukazwa yubolti baada ya kilomita elfu moja hivi, mbele ilikuwa imeshuka hadi 505 na nyuma 543. Likipakiwa lilisimama karibu sawa, nyuma ikiwa chini kwa unene wa kidole.

Dereva alisema mlio wa mbele umekwisha na usukani umetulia. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Jumapili akilipeleka kanisani likiwa tupu, masanduku yameshushwa, bado linaruka kidogo nyuma kwenye bampu za mtaani. Ni kweli, na litaendelea kuruka. Springi ya kilo 300 inayobeba 240 iko karibu na nyumbani kwake. Siku masanduku yakishushwa haina kazi. Malori ya Namanga yaliacha kumwashia taa.

Halafu mama akanunua tairi. Tulikuwa tumemshauri abaki na 255/70R15. Yeye alichukua za inchi 31 kwenye rimu zilezile, akafungiwa mahali pengine.

Kilichofaa na kilichokwama

Kupima kwanza ndiko kulikookoa pesa. Bila ile 488 ya gari la pili tungeuza milimita 50 kwa mtu aliyehitaji 20. Hatukuhitaji mikono mipya ya juu, hatukushusha difu, wala mipira ya breki haikuguswa. Juu ya urefu wa kiwandani pua ilipanda karibu milimita 20 tu, na sivii jointi zinafanya kazi kwenye pembe zilizozoea.

Kusawazisha kwa gari lenye mzigo kulifaa pia, lakini kulihitaji dereva awepo. Mwenye gari huliona likiwa limeegeshwa. Dereva hulijua likiwa na nusu tani kwenye matuta. Mama angekuja peke yake, nadhani tungeishia na gari la kupendeza lisilobeba vizuri.

Kilichokwama ni bei. Seti kamili iligharimu mara nyingi zaidi ya zile spesa, na ukijumlisha majani, spesa, buti na bushi alizolipia kabla, alikuwa ameshatumia sehemu nzuri ya pesa hiyo. Siwezi kusema njia ya bei nafuu ilikuwa upuuzi tangu mwanzo. Siku ile bampa lilipofungwa, koili mbili mpya za daraja sahihi zingemaliza habari yote kwa sehemu ndogo ya gharama.

Tairi ni jambo gumu zaidi kuhukumu. Za inchi 31 zina kipenyo cha milimita 787 hivi, zile za zamani 738. Mshale ukisoma 80, gari kwa kweli linakwenda 85. Injini ya lita 2.5 inalalamika kupanda kutoka Magadi, na usukani ukikunjwa wote kinyumenyume tairi linasugua plastiki ya ndani ya madigadi. Tairi la akiba bado ni la zamani, na dereva ameonywa asiwaze kulitumia huku akivuta kwa magurudumu yote. Lakini mama ana hoja moja ambayo hatuwezi kumpinga. Springi zetu ziliinua bodi na chasisi. Difu ya nyuma ilibaki palepale, kwa kuwa ekseli inakaa juu ya tairi na hakuna springi inayoweza kuipandisha. Tairi zake ziliipandisha karibu milimita 24. Msimu wa mvua, kwenye ule udongo mweusi wa Kajiado unaofanya mifereji mirefu katikati ya njia, difu ndiyo inayokwaruza kwanza.

Miezi kadhaa baadaye alimleta kaka yake, mwenye Vigo ya kabini moja ya kwenda nayo shamba, isiyo na bampa la chuma wala masanduku, akitaka seti ileile kwa kuwa ya dada yake imemridhisha. Tulipima: mbele 486 na 483, nyuma majani mazima. Tukamfungia shokabsoba nne na alaimenti, koili za kiwandani zikabaki, na ile seti ikarudi rafuni.